Kupasua Pua kwa Nje ama kwa Ndani: Tusianzie Hapo

Wiki hii tulikuwa tumepanga kuandika juu ya foleni ya maji. Ila kuna jambo lilitokea kwenye grupu yetu, tukakaa, tukaongea, tukakubaliana kwamba tukilipita kimya tutakuwa tumekosea.

Ilianza Jumatatu. Dada mmoja alituma video fupi, zile za kutoka TikTok, msichana anaonyesha pua yake kabla na baada. Chini ya video akauliza: "Hii ya kupasua kwa nje na hii ya kupasua kwa ndani, gani iko muzuri?" Basi grupu ikawaka moto. Wengine wakasema kwa ndani kwa sababu hakuna kovu. Wengine wakasema kwa nje kwa sababu daktari anaona vizuri. Mmoja akaleta habari za sindano, kwamba siku hizi hata kisu hakihitajiki. Wengine, na hao ndo wengi, walikuwa wanacheka tu: "Unataka kuwa muzungu?" "Pua iko ya kunusa ugali, unaipeleka wapi?" Mpaka jioni tulikuwa na meseji zaidi ya mia.

Saa tano usiku, mwenzetu mmoja ambaye huwa haandikagi kabisa, akaandika mstari mmoja. "Na mimi munisaidie. Ya kwangu imepinda tangu mwaka jana, silali."

Akajibiwa na vikatuni vya kucheka. Saba. Tulivihesabu asubuhi.

Tunaandika kwa sababu ya zile saba. Na wengine wetu humu ndani ya kamati vile vikatuni ni vya kwetu, tusijifanye.

Kijana mwenyewe tunamfahamu. Ni beki wa timu yetu. Mwaka jana kwenye mechi alipigwa kiwiko cha pua, damu ikatoka nyingi, tukamlaza, tukamwinamisha kichwa nyuma (kosa la kwanza, mtu anayetoka damu puani anainama mbele na kubana sehemu laini ya pua, damu isirudi kooni). Kesho yake alienda kituo kimoja cha matibabu, hatutakitaja. Akapewa vidonge vya maumivu na akaambiwa uvimbe utashuka wenyewe. Ni kweli ulishuka. Uliposhuka, pua ilikuwa imeelekea kushoto na tundu moja limeziba. Akarudi kuomba barua ya rufaa. Akaambiwa: hiyo ni mambo ya urembo, hakuna bajeti ya urembo kwa wakimbizi.

Neno hilo moja, urembo, ndilo lililomfunga mdomo mwaka mzima. Maana kijana wa kiume kuonekana anatafuta urembo, mnajua wenyewe vile inakuwa hapa kwetu.

Sasa turudi kwenye swali la dada, kwa sababu ni swali la maana na hatutaki kulikimbia. Tumesoma, tumemuuliza mhudumu wa afya mmoja anayetuvumilia, na tumeelewa hivi.

Pua ni kama hizi nyumba zetu za turubai. Juu, karibu na macho, kuna mfupa kabisa. Kuanzia katikati kwenda chini ni gegedu, yaani ule mfupa laini unaokunjika kama wa sikio. Hizo ndo nguzo. Katikati kuna ukuta unaotenganisha tundu mbili, nao mbele ni laini na nyuma ni mfupa. Halafu juu ya vyote kuna ngozi, ambayo ndo turubai. Watu wanaangalia turubai, ila kinachofanya nyumba isimame ni nguzo. Na kinachofanya upumue ni nafasi iliyobaki ndani.

Ukitaka kunyoosha nguzo za nyumba ya turubai una njia mbili. Unaweza kufungua turubai mbele, ukalikunja juu, ukaona nguzo zote kwa macho yako, ukamaliza kazi, ukalirudisha na kulifunga. Ama unaingia kwa mlango na tochi, unafanya kazi ndani bila kugusa turubai kwa nje. Hiyo ndo tofauti yote ya kwa nje na kwa ndani.

Kwa nje, daktari anakata mkato mdogo kwenye kile kijiti cha nyama kilichoko chini katikati ya tundu mbili, anauunganisha na mikato ya ndani ya tundu, kisha ananyanyua ngozi ya ncha na mgongo wa pua. Anaona kila kitu kilivyokaa, kushoto na kulia, anaweza kushona mfupa laini na kuweka vipande vya kuimarisha mahali anapotaka. Bei yake ni kovu dogo pale chini, ambalo kwa wengi linafifia mpaka hulioni, na uvimbe wa ncha unaokawia kuisha. Operesheni nayo inachukua muda zaidi.

Kwa ndani, mikato yote iko ndani ya tundu. Hakuna kovu la nje kutokana na njia yenyewe, uvimbe kwa kawaida ni mdogo na unashuka mapema, na kazi inaisha haraka. Bei yake ni kwamba daktari anafanya kazi mahali pembamba, anaona kipande kipande, anategemea sana mkono wake na uzoefu. Kwa nundu ndogo ya mgongo wa pua, ama kunyoosha ukuta wa katikati peke yake, inatosha kabisa. Kwa pua iliyopinda kuanzia mfupani mpaka nchani, pua iliyowahi kupasuliwa ikaharibika, ama pua ya mtoto aliyezaliwa na mdomo wa sungura, madaktari wengi wanachagua kufungua kwa nje ili waone.

Kwa hiyo wale mliopigana Jumatatu nzima, wote mlikuwa sawa na wote mlikuwa mmekosea. Inategemea kuna kazi gani ndani. Na inategemea daktari amezoea nini. Fundi aliyejenga kwa matofali ya kuchoma miaka kumi usimlazimishe ajenge kwa mbao kwa sababu umeona kwenye simu.

Kuna mambo mengine ambayo video hazisemi. Kwanza, wale wanaotaka mabawa ya pua yapunguzwe, yaani tundu zisiwe pana, hiyo kazi inakata kando ya bawa pale linapoungana na shavu. Kovu linakaa pale ama ndani ya tundu, iwe daktari amepitia nje ama ndani. Mtu anakuambia "kwa ndani hakuna kovu" halafu anakukata mabawa, amekudanganya nusu. Pili, ngozi. Wengi wetu tuko na ngozi nene kwenye ncha. Ngozi nene ni baraka kwa jua, ila kwa kazi hii inaficha kile daktari alichochonga na inashika uvimbe muda mrefu. Ile picha ya "baada" ya wiki ya tatu si jibu. Ncha inaweza kuendelea kubadilika mwaka mzima na zaidi. Tatu, kama kwenu kuna watu ambao kovu linavimba na kukua kupita kidonda, ile keloidi ya masikioni mnaijua, lazima daktari aambiwe kabla. Nne, mara nyingi pua ya kwetu haihitaji kupunguzwa bali kuongezwa mgongo, na cha kuongezea kinatolewa kwenye ukuta wa pua yenyewe, ama sikioni, ama ubavuni. Kuna wanaoweka silikoni. Inatumika sana Asia ya Mashariki, lakini ni kitu kigeni, kinaweza kuingia wadudu ama kusukuma ngozi mpaka kitoke.

Na ile habari ya sindano iliyoletwa kwenye grupu, hapo hatutaongea kwa upole. Sindano ya kujaza inainua mgongo wa pua bila kisu, ni kweli, na ikifanywa na daktari anayejua ina mahali pake. Ila mishipa ya damu ya pua imeungana na ile inayolisha macho. Dawa ikiingia ndani ya mshipa inaweza kuua ngozi ya pua, na imeshawapofusha watu. Tumesikia kuna anayechoma wasichana mjini nyuma ya saluni. Hatujui anachoma nini, na wale wanaochomwa hawajui. Dada zetu, mkiona mtu wa namna hiyo, kimbieni. Zile klipsi za kubana pua zinazouzwa sokoni hazifanyi kitu, angalau hizo zinakula pesa tu.

Haya. Sasa tuseme kile kilichotufanya tuandike kichwa cha habari vile tulivyoandika.

Wengi hapa mnadhani kupasua pua ni upuuzi wa matajiri wa sasa. Sivyo. Kazi hii ilianza kwa watu waliokatwa pua. India ya zamani, kumkata mtu pua ilikuwa adhabu na fedheha, na ndo maana huko ndo walijifunza mapema kuitengeneza. Mwaka 1794 gazeti moja la London lilichapisha habari ya mwendesha ng'ombe aliyekuwa akifanya kazi na jeshi la Waingereza, akakamatwa na askari wa Tipu Sultan, akakatwa pua. Fundi wa huko, mtu wa ukoo wa wafinyanga matofali, alichukua ngozi ya paji la uso, akaigeuza chini, akamtengenezea pua nyingine. Waingereza walishangaa. Daktari Joseph Carpue akaiga njia hiyo London mwaka 1814. Kule Italia, Tagliacozzi wa Bologna alikuwa ameshaandika kitabu mwaka 1597 juu ya kutumia ngozi ya mkono; mgonjwa alifungwa mkono kichwani wiki kadhaa mpaka ngozi ishike. Hebu fikiria unalala hivyo kwenye mkeka.

Kupasua kwa ndani kulikuja baadaye. John Orlando Roe wa Marekani aliandika juu yake mwaka 1887. Na Berlin alikuweko Jacques Joseph, daktari Myahudi. Mwaka 1898 alimpunguzia pua mtu ambaye alikuwa anakwepa watu kwa aibu. Alianza kwa kukata nje, halafu akahamia ndani ili kovu lisionekane. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alitengeneza nyuso za wanajeshi waliolipuliwa. Ila wapo pia Wayahudi waliomwendea kwa sababu nyingine kabisa. Walitaka pua isiyowataja. Watembee barabarani bila mtu kuwaangalia usoni na kusema, huyu ni fulani.

Tuliposoma hapo tulinyamaza kidogo.

Kwa sababu sisi watu wa Maziwa Makuu tunaijua hiyo habari. Wabelgiji walipotawala Ruanda-Urundi walikuja na vipimo vya chuma, wakapima watu urefu, vichwa na pua. Kabla yao Speke alikuwa ameshaandika kitabu chake mwaka 1863, akisema watawala wa huku wametoka kwingine, damu yao ni nyingine. Miaka ya 1930 kule Rwanda kabila likaandikwa kwenye kitambulisho cha kila mtu. Kitu ambacho watu walikuwa wanakiishi kwa namna zao nyingi kikawa mstari kwenye karatasi, na pua ikawa ushahidi wa ule mstari. Mwaka 1994 kwenye vizuizi vya barabarani, ambaye hakuwa na kitambulisho aliangaliwa uso. Na sisi tuliotoka Kivu, hatuhitaji kufundishwa na kitabu. Tunajua vijana waliokimbizwa sokoni kwa sababu ya sura, na tunajua waliokimbiza. Wengine wamefika kambi hii hii, wanachota maji bomba moja.

Kwenye kikundi chetu tuko wa pande zote. Ndo maana tunaandika "sisi" na hatusemi nani ni nani.

Baada ya lile sakata la Jumatatu, mwenzetu mwingine alitufuata pembeni. Hakutaka kuandika kwenye grupu. Yeye anataka kinyume cha dada. Dada anataka pua yake iwe nyembamba. Huyu anataka ya kwake ipanuliwe kidogo, ishuke. Tukamuuliza kwa nini, akasema: "Nimechoka kuulizwa kwetu ni wapi hasa." Kila foleni kuna mtu wa kumwangalia, kisha kumuuliza hilo neno "hasa".

Tulikaa naye mpaka giza. Tungeweza kumwambia jibu la kitaalamu, kwamba kupanua pua nyembamba inawezekana, ni kazi ya kuongeza vipande vya mfupa laini, pengine vya ubavuni, na daktari mwangalifu angeifanya kwa nje. Tulimwambia, kwa kuwa aliuliza na ana haki ya kujua. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumwambia afanye, na hakuna aliyeweza kumwambia ajikubali tu alivyo, kwa sababu sisi hatusimami kwenye foleni tukiwa na uso wake. Ni rahisi sana kumhubiria mtu kujikubali wakati hakuna anayekuuliza "hasa".

Tunachokiona sisi ni hiki. Watu wawili ndani ya kikundi kimoja, kila mmoja anaitamani pua ambayo mwenzake anaikimbia. Hiyo peke yake ingetosha kutuonyesha kwamba kasoro haiko kwenye nguzo wala turubai. Mtu mwingine alishika kipimo kabla yetu. Kwa dada ni simu, inampa kila usiku sura za namna moja na taa za namna moja. Kwa huyu kijana ni wale wa foleni. Swali la nje ama ndani ni swali la tatu ama la nne. La kwanza ni: nani alikuambia? La pili: unapumua?

Dada hatumkatazi. Ana miaka ishirini na moja, uso ni wake, na mtu mzima kubadilisha sura yake si dhambi kuliko kutoboa masikio. Tunamwomba asubiri, aulize, asipeleke pesa anazotumiwa na shangazi yake kwa mtu wa nyuma ya saluni. Walio chini ya umri tunawakatalia kabisa, pua inaendelea kukua mpaka ujana unapokomaa, wavulana wanachelewa zaidi ya wasichana. Lakini hasira yetu haiko kwa dada. Hasira yetu iko kwenye hilo neno urembo, jinsi linavyotumika kama kufuli.

Maana angalieni. Msichana akiuliza juu ya pua, anachekwa kwamba ni urembo. Kijana asiyepumua akiomba rufaa, anafukuzwa kwamba ni urembo. Neno moja limewafungia nje wote wawili, na wa pili ni mgonjwa. Kunyoosha ukuta wa pua uliopinda ni tiba. Mtu anayepumua kwa mdomo usiku kucha anaamka koo limekauka, kichwa kinauma, mchana anasinzia darasani. Mwalimu anasema ni mvivu. Beki wetu aliacha kozi ya ushonaji kwa sababu hiyo, na sisi tulisema amekosa nia. Tulisema hivyo kwenye kikao, imeandikwa kwenye daftari la kikundi.

Tunajua pesa za rufaa ni kidogo na kuna watu wa saratani na akina mama wa kujifungua kwa upasuaji wanaosubiri. Hatusemi pua ipite mbele yao. Kuambiwa "ngoja, wako wenye hali mbaya kuliko wewe" mtu anaweza kuelewa. Kuambiwa kwamba huna ugonjwa, una majivuno tu, hilo tunalikataa. Na kilichotuuma zaidi ni kwamba ingewezekana kuzuia. Pua iliyovunjika, uvimbe ukishashuka baada ya siku chache, inatakiwa ikaguliwe tena, na mtu mzima anaweza kurudishiwa mfupa mahali pake bila kupasuliwa kabisa kama ni ndani ya wiki mbili hivi. Zikipita, mfupa unashika ulivyo, na hapo unasubiri miezi, halafu ni kisu. Beki wetu hakuna aliyemwambia arudi siku ya tano. Sisi pia hatukujua. Tulikuwa tunamsindikiza kwa utani, tunamwita "kona".

Kwa hiyo wachezaji wote, makocha, na akina mama mnaolea watoto wanaoanguka, shikeni na hili, ni la haraka kuliko yote tuliyoandika. Mtu akipigwa pua, halafu tundu zote mbili zikaziba, maumivu yakazidi badala ya kupungua, na ukimulika tochi ndani unaona kivimbe laini chekundu ama cha zambarau kwenye ukuta wa katikati, hiyo ni damu imekusanyika chini ya ngozi ya ukuta. Mfupa laini hauna damu yake, unakula kupitia ile ngozi. Ikitenganishwa siku chache tu, mfupa unakufa, pua inabonyea katikati kama tandiko la farasi. Inatakiwa itolewe damu mapema, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Ni kazi ndogo ya daktari. Usingoje Jumatatu, usikande maji ya moto, usikubali vidonge peke yake. Sema wazi: "naomba muangalie ndani."

Na jambo moja la namna ya kusema, maana tumejifunza kwa kuumia. Ukienda kituoni usianze na "pua yangu imepinda". Anza na pumzi, kama kweli ndiyo shida. Eleza tundu gani limeziba, tangu lini, unalala vipi, ulipigwa lini, ulihudumiwa na nani. Beba kile kikaratasi cha siku ya kwanza. Usiongeze uongo, hakuna haja, ukweli unatosha ukipangwa. Beki wetu alikuwa anaingia, anasema "imepinda", anaangaliwa, anatoka.

Alhamisi tulimsindikiza, watu watatu. Tulimkuta mhudumu mwingine, mama mtu mzima. Alimziba tundu moja kwa kidole gumba, akamwambia vuta. Halafu la pili, vuta. La kushoto halikuvuta kitu. Hakusema neno lolote juu ya urembo. Alimulika, akaandika, akatuambia orodha ya daktari wa masikio, pua na koo ni ndefu, turudi tarehe ishirini kuulizia. Barua tunayo, tumeipiga picha mara tatu isije ikalowa.

Beki alimuuliza kama watapasua kwa nje ama kwa ndani. Mama akacheka, akasema hilo atalijua atakayeingia, yeye amwombee tu apate zamu.

Bado kuna nauli ya kwenda na kurudi, na ya kumsindikiza mtu mmoja. Wa kwanza kuchanga ni yule dada wa video. Anayetaka kuongeza amwone mweka hazina wa kikundi, jioni, pale tunapokaaga. Wale wenye vikatuni saba, mnajijua, tunawangoja nyinyi hasa.

Mwenyewe ametuomba tuandike kwamba hajaacha mpira. Kwa sasa amekuwa refa. Anasema firimbi inapulizwa kwa mdomo.